Mbachao na Msala: Rubani Akae au Ahame?

Wazee wetu wa pwani walituachia methali mbili, kila moja ni ya kweli, walakini hazipatani. Ya kwanza yasema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Ya pili yasema, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Mtu anayefikiri kuiacha kazi yake na kushika nyingine hujikuta amesimama katikati ya methali hizi mbili, asijue aifuate ipi. Nasi twaona kuwa ni kazi chache ambazo shauri hili huwa zito kama lilivyo katika kazi ya urubani wa ndege za abiria.

Vijana wetu wengi wanaitamani kazi hiyo, na wako wazazi walio tayari kuuza shamba ili mtoto akasome. Kwa hiyo tumeona inafaa tueleze jambo ambalo halionekani na mtu atazamaye vazi la rubani na mistari minne mabegani mwake. Jambo lenyewe ni hili: rubani akihama kampuni, ujuzi wake huenda naye, lakini cheo chake mara nyingi hubaki nyuma.

Fundi seremala akihama kutoka Tanga kwenda Mombasa, huenda na msumeno wake na sifa yake, na pengine akapata ujira mkubwa zaidi siku ile ile ya kwanza. Mwalimu mkuu aweza kuitwa na shule nyingine awe mwalimu mkuu huko. Rubani si hivyo. Aweza kuwa ameendesha ndege miaka ishirini, naye ndiye mkuu wa chombo. Siku anapoingia katika kampuni mpya, huenda akakaa kiti cha kulia kama rubani msaidizi, chini ya mtu aliyemzidi yeye kwa umri na ujuzi.

ORODHA YA WALIOTANGULIA

Mifano yetu mingi tutaitoa Marekani, kwa kuwa huko ndiko desturi hii ilikokita mizizi. Chama kikubwa cha marubani wa nchi ile kilianzishwa mwaka 1931, na tangu zamani marubani wameshikilia kanuni moja: kila aingiaye katika kampuni hupewa nambari kwa kufuata tarehe aliyoajiriwa. Aliyetangulia yu juu, aliyechelewa yu chini. Hapana anayepanda ila aliye juu yake astaafu, afe, au aondoke, ama kampuni iongeze ndege na kuajiri wengine chini yake.

Nambari hiyo ndiyo inayotawala maisha ya rubani. Kwayo hujulikana ataendesha ndege kubwa au ndogo, atakuwa mkuu au msaidizi, atakaa mji gani, atapumzika siku zipi, na likizo yake itaangukia mwezi gani. Na kampuni ikipatwa na dhiki, wanaoachishwa kwanza ni wale wa chini kabisa.

Msomaji atauliza: Je, kanuni hii si ya dhuluma? Wanaoitetea wana hoja yenye maana. Wanasema kwamba rubani mkuu hana budi kuwa huru kukataa kuirusha ndege asiyoiamini, au kukataa kupita katika dhoruba, bila kuogopa kwamba bwana mkubwa atamnyima cheo kwa sababu hiyo. Orodha humkinga na upendeleo na kisasi. Lakini kinga hiyo hiyo ndiyo minyororo yake. Kadiri anavyokaa ndivyo inavyokuwa vigumu kuondoka, kwa sababu kila mwaka unaopita humwongezea kitu ambacho hawezi kukifunga mzigoni.

HESABU YA MIAKA

Tuchukue mfano. Tuseme yuko mtu mwenye miaka 42, rubani mkuu katika kampuni ndogo. Amekaa hapo miaka kumi na mmoja, nambari yake i karibu na kileleni, na siku nyingi hulala nyumbani kwake. Siku moja apata barua kutoka kampuni kubwa. Akiikubali, atakuwa msaidizi tena; mwaka wa kwanza mshahara wake huenda ukashuka; naye atakaa tayari karibu na simu, akisubiri kuitwa usiku au alfajiri kushika nafasi ya mwenziwe aliyeugua. Lakini baada ya miaka kadhaa mshahara wa kule utaupita sana huu wa sasa, na ndege zitakuwa kubwa, na safari za mbali.

Sheria ya Marekani inamtaka rubani wa ndege za abiria za makampuni kama hayo aache kuruka afikapo miaka 65. Kabla ya Desemba 2007 ilikuwa miaka 60. Basi mtu wetu ana miaka 23 mbele yake, nayo yatosha kushuka na kupanda tena. Je, angekuwa na miaka 55? Angebakiwa na kumi tu, na pengine mingi katika hiyo angeitumia kurudia daraja aliyokwisha kuipanda. Mizani yake ni mshahara utakaopatikana katika miaka iliyosalia, na miaka hiyo haiongezwi na mtu.

Tena kungoja kwenyewe kuna gharama. Mwaka 2022 na 2023, baada ya maradhi ya korona, makampuni makubwa ya Marekani yaliajiri marubani kwa maelfu. Machi 2023 marubani wa Delta waliukubali mkataba ulioongeza mishahara kwa zaidi ya asilimia 30 katika muda wa mkataba, na wenzao wa American na United wakafuata mwaka huo huo. Mwaka 2024 uajiri ulipungua, na sababu mojawapo ni kuchelewa kwa ndege mpya kutoka viwandani. Basi watu wawili wenye ujuzi sawa, mmoja akiwa aliingia mwanzo wa 2022 na mwingine mwisho wa 2023, wana mamia ya watu kati yao katika orodha ile ile, na umbali huo watabaki nao mpaka wastaafu. Huyu wa pili ndiye aliyeumizwa matumbo na ngoja ngoja.

HAKUNA NYUMBA ISIYOANGUKA

Lakini tusiharakishe kuhukumu. Wako waliofanya haraka kuingia katika jumba kubwa, na jumba likawaangukia. Braniff ilisimamisha safari zake Mei 1982. Eastern, iliyokuwa miongoni mwa kampuni kubwa kabisa za nchi ile, ilikufa Januari 1991. Pan American, iliyoanzishwa mwaka 1927 na jina lake kujulikana pembe zote za dunia, iliruka mara ya mwisho tarehe 4 Desemba 1991. Siku ile mtu aliyekuwa juu kabisa katika orodha ya Pan American alijikuta hana nambari yoyote. Orodha hufa pamoja na kampuni.

Hata kampuni isipokufa bali ikanunuliwa, mambo huwa magumu. TWA iliponunuliwa na American mwaka 2001, wengi wa marubani wake waliwekwa mkiani mwa orodha mpya. Na baada ya msiba wa Septemba 11 mwaka ule ule, kazi zilipopungua, hao wa mkiani ndio walioachishwa. Na pensheni nayo si ngome. Mwaka 2005 United, ikiwa imefilisika, iliruhusiwa na mahakama kuivunja mipango yake ya pensheni. Shirika la serikali likaichukua, lakini kwa kuwa sheria imeweka kikomo cha kulipa, marubani wengi walipata chini ya walichoahidiwa.

Basi je, kukaa katika kampuni ndogo ndiko salama? La. Kampuni nyingi ndogo za Marekani huruka kwa mkataba wa kampuni kubwa, ndege zikiwa na rangi na jina la kampuni kubwa. Mkataba ukiondolewa, hapana kampuni. Trans States na Compass zilikoma kuruka Aprili 2020, na ExpressJet ikasimamisha safari zake Septemba mwaka huo. Rubani mkuu aliyekuwa amejiambia, "Mimi nimeshatulia hapa," aliamka asubuhi moja hana hapa pa kutulia. Mbachao nao huchakaa ukatatuka.

Kwa hiyo anayedhani kwamba kuna upande mmoja wa hatari na upande mmoja wa amani, hajaifahamu kazi hii. Pande zote mbili zina hatari, naye analochagua ni aina ya hatari awezayo kuistahimili.

GHUBA NA KWETU

Jambo hili halituhusu kwa mbali tu. Marubani wa Afrika Mashariki ni miongoni mwa mataifa mengi yanayofanya kazi katika makampuni ya Ghuba, kama Emirates iliyoanza mwaka 1985 na Qatar Airways iliyoanza mwaka 1994. Huko mambo ni ya namna nyingine. Mgeni huajiriwa kwa mkataba, na pamoja na mshahara hupewa makazi au fedha ya makazi, na msaada wa karo za watoto. Kwa familia ya Kiislamu kuna na raha nyingine ambazo hazihitaji kuelezwa: adhana husikika, na chakula cha halali hakitafutwi kwa taabu.

Walakini nyumba, shule na ruhusa ya kukaa nchini vyote vimefungwa katika fundo moja, nalo ni kazi. Fundo likifunguka, vyote huanguka pamoja. Mwaka 2020, safari zilipokatika, makampuni ya Ghuba yaliwaachisha marubani wengi, na familia zao zikapaswa kufunga mizigo, watoto wakatolewa shuleni, wakarudi makwao.

Wala sisi wa huku hatukukosa masomo yetu wenyewe. East African Airways ilianzishwa mwaka 1946, ikawa fahari ya nchi tatu, na mwaka 1977 ikavunjika. Kenya Airways na Air Tanzania zikazaliwa mwaka huo huo. Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma kwa siku kadhaa, na jambo moja lililogombaniwa lilikuwa michango ya kampuni katika akiba yao ya uzeeni. Hatuamui hapa nani alikuwa na haki. Tunataka msomaji aone tu kwamba swali la "nikae au nihame?" huulizwa Nairobi kama linavyoulizwa Chicago.

SHAURI LA NYUMBANI

Mara nyingi mwanamume huifanya hesabu hii peke yake, usiku, kwa kalamu na karatasi, kisha akaja kumwarifu mkewe kama mtu aletaye barua ya serikali. Hapo ndipo lilipo kosa. Anayerudi mkiani mwa orodha si yeye peke yake. Nyumba nzima hurudi naye. Ratiba ya rubani hupangwa mapema, na wa chini hupewa zilizosazwa na wa juu. Sikukuu ya Idi nayo hungojea mwandamo. Basi rubani mpya huenda akafungulia saumu hotelini mwezi mzima, na Idi ikamkuta angani, ilhali mwaka uliopita, kwa nambari yake ya juu, alikuwa ameketi na wanawe. Mke na ajue haya kabla, na watoto waliokwisha kuwa na akili nao waambiwe. Vile vile mke ambaye ndiye rubani, na amshirikishe mumewe kwa ukamilifu ule ule.

Kwa hiyo twawanasihi wenye shauri hili waulizane mambo machache. Je, miaka iliyobaki yatosha kushuka na kupanda? Je, nyumba yaweza kuishi mwaka mzima au miwili kwa mshahara mdogo bila kukopa? Je, kampuni tunayoiacha inasimama kwa miguu yake, au yashikiliwa na nyingine? Je, tutahamia mji mpya, au baba atakuwa msafiri hata wa kwenda kazini? Ni nani atakayewatazama wazee? Na la mwisho, lililo gumu kuliko yote: kampuni mpya ikifa baada ya miaka mitano, je, tutajuta kwamba tulihama, au tutasema tuliamua vizuri kwa tuliyoyajua siku ile?

Akiamua kuhama, na aondoke kwa wema. Makampuni mengi hugharimia masomo ya ndege mpya kwa sharti la kutumika miaka fulani; aliyetia sahihi yake na atimize, au alipe deni lake. Muislamu hahitaji kukumbushwa uzito wa ahadi, na ulimwengu wa marubani ni mdogo: aliyeuacha mlango mmoja kwa ubaya huja akautafuta tena. Akiamua kukaa, hali kadhalika na akae kwa kujua, asikae kwa uvivu, wala asiwaonee kijicho waliokwenda.

Ama sisi, tukiulizwa rai yetu, tutasema hivi. Kijana ambaye bado ana miaka mingi mbele yake, na ameona mlango ulio bora kwa hakika, na ahame mapema, kwa maana kila mwezi anaoungoja huwapa wengine nafasi mbele yake. Aliyekwisha kupita nusu ya safari yake, mwenye nyumba iliyotulia, akikaa alipo si mwoga. Huenda ndiye aliyepiga hesabu sawasawa. Methali zetu mbili hazikugombana bure. Moja ni ya asubuhi ya maisha na nyingine ni ya alasiri, na mwenye busara ni yule ajuaye jua lake limefika wapi.