Kanieneo ya Maji: Kuhamisha Mashine ya Kufulia

Watahiniwa wengi hukariri P = ρgh, lakini hukosa alama swali linapoleta tanki, bomba na nyumba. Soma mfano huu kwa makini.

Maji ya bomba ya Kigoma-Ujiji hutoka Ziwa Tanganyika. Pampu huyapandisha hadi kwenye matanki yaliyo juu, kisha hushuka kwa uzito wake. Tanki la nyumbani lililo juu ya mnara hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo.

Mfano. Familia moja Ujiji ina mashine ya kufulia uani. Uso wa maji kwenye tanki uko mita 5 juu ya mahali maji yanapoingilia mashine. Familia inataka kuihamishia chumba cha nyuma, ambacho kwa sababu ya mteremko kiko juu zaidi kwa mita 2. Kitabu cha mashine kinasema inahitaji kanieneo isiyopungua 40 kPa. Je, itafanya kazi? (Densiti ya maji = 1,000 kg/m³; g = 10 N/kg)

Suluhisho
Uani: P = 1,000 × 10 × 5 = 50,000 Pa = 50 kPa. Inatosha.
Chumbani: h = 5 − 2 = 3 m, hivyo P = 30 kPa. Haitoshi.

Familia ina njia mbili: kuinua tanki au kufunga pampu ndogo. Ili kufikia 40 kPa, tanki liinuliwe angalau mita 1. Hata hivyo, ni busara kuzidisha kidogo, kwa kuwa hesabu hii ni ya maji yaliyotulia. Maji yakitembea, msuguano kwenye bomba refu, jembamba au lenye kona nyingi hupunguza kanieneo. Kumbuka pia kwamba lita 1,000 za maji zina tungamo la kg 1,000, yaani uzito wa N 10,000. Mnara dhaifu ukianguka unaweza kuua.

Hatua za fundi
1. Funga koki kuu, kisha fungua bomba lililo chini kabisa ili maji yaliyobaki yatoke.
2. Unganisha bomba jipya kwa njia fupi yenye kona chache.
3. Weka koki ya mashine peke yake, mahali mkono unapofika kwa urahisi.
4. Funga mpira wa mashine ukiwa na washa yake.
5. Fungulia maji na ukague kila kiungo kabla ya kuziba ukuta.

Zingatia: Kanieneo ya maji yaliyotulia hutegemea kimo na densiti, wala si ukubwa wa tanki.

Jipime: Tanki la lita 500 limebadilishwa, likawekwa la lita 2,000 juu ya mnara uleule, na uso wa maji uko kwenye kimo kilekile. Je, kanieneo kwenye mashine itaongezeka? Toa sababu.