Kona Hamsini na Saba na Sauti ya Simu

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Chimala

Anayetoka Chimala kupanda Matamba huianza safari katika joto la bonde la Usangu na kuimaliza katika baridi ya Makete. Kati ya hapo na pale ipo njia ambayo wenyeji huiita Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake. Malori ya viazi huishuka kwa gia nzito, na abiria mgeni huipanda akiwa ameshikilia kiti cha mbele kwa mikono miwili. Siku hizi ndani ya magari mengi kuna msafiri wa ziada: simu iliyobandikwa karibu na usukani, ikimwambia dereva akate kulia au kushoto. Wageni huisikiliza simu hiyo kuliko wanavyomsikiliza utingo aliyezaliwa hapa. Basi tujiulize, ndugu wasomaji: sauti ile imeijuaje njia hii, na ni nani aliyeijaribu kabla ya kukabidhiwa roho za watu?

Watengenezaji wa programu za simu wana desturi moja njema. Kabla ya kuitoa kazi yao kwa umma, huwapa watumiaji wachache toleo la majaribio, ili wayagundue makosa ambayo fundi aliyekaa mezani hawezi kuyaona. Katika programu ya michezo kosa huudhi tu. Katika programu ya kumwongoza dereva huua. Mwezi Novemba 2024, katika jimbo la Uttar Pradesh nchini India, watu watatu walifariki gari lao lilipoanguka kutoka katika daraja ambalo sehemu yake ilikuwa imesombwa na maji. Polisi walieleza kuwa yaelekea walikuwa wakiifuata ramani ya simu. Daraja lilikuwa limekatika. Katika ramani lilikuwa bado zima.

Tumewauliza madereva wa hapa kwetu, wa malori na wa magari madogo ya abiria, wanaona nini katika simu zao wanapoipanda Hamsini na Saba. Wengi walianza kwa kucheka. Simu huhesabu kilomita ikatoa dakika, ilhali dereva wa Fuso lenye mzigo huhesabu kona, mvua na joto la breki. Kisha ile nukta inayoonesha gari hurukaruka. Sababu yake inafahamika. Simu hutambua mahali ilipo kwa kupima mawimbi ya setilaiti kadhaa. Uwandani hukosea kwa mita chache tu, lakini mlima ukiziba sehemu ya anga kosa huongezeka, na kona zetu zimepangana moja juu ya nyingine mithili ya ngazi. Simu hudhani gari limekwisha kufika kona ya juu, ikaamuru ligeuke. Ligeukie wapi, na upande mmoja ni ukuta wa mlima, upande wa pili ni bonde? Dereva mzoefu huipuuza. Mgeni hukanyaga breki katikati ya kona, na lori la viazi li nyuma yake.

Hakuna mjaribu wa mjini atakayeliona jambo hilo, hata awe hodari namna gani. Wala hataona kwamba kuna mahali mtandao hukatika, hivyo ramani isiyohifadhiwa mapema ndani ya simu hugeuka karatasi nyeupe pale pale inapohitajika.

Huku chini bondeni yapo mengine. Kamati za misikiti ndizo zipokeazo misafara ya maziko, nasi tumejionea. Jamaa kutoka Dar es Salaam walikuwa wakimleta marehemu wao katika kijiji kimoja cha wakulima wa mpunga, na kaburi lilikuwa tayari tangu asubuhi. Simu yao ikawatoa katika njia kuu, ikawaingiza juu ya tuta la mfereji wa umwagiliaji. Kutoka angani tuta lile linaonekana kama barabara nyembamba iliyonyooka, na wakati wa kiangazi bodaboda hupita bila shida. Ilikuwa masika. Gari lililobeba jeneza lilizama tairi mbili. Tuliokuwa tumepanga kuzika baada ya Adhuhuri tulizika karibu na Magharibi, na mama wa marehemu alikaa muda wote huo barazani akiuliza mwanawe yuko wapi.

Inawezekana kabisa kuyafanya mambo haya vizuri zaidi. Jijini Nairobi, kuanzia mwaka 2012, Chuo Kikuu cha Nairobi kilishirikiana na vyuo vya Marekani katika mradi ulioitwa Digital Matatus. Wanafunzi walipanda matatu wakiwa na simu, wakarekodi njia zaidi ya 100 na vituo vyake. Kanuni za kimataifa za takwimu za usafiri zilidhani kila kituo kina nguzo na kila basi lina ratiba. Matatu hayana hayo. Ikabidi mtindo wa takwimu ufuate matatu yalivyo. Ramani yao ilitolewa mwaka 2014, na mwaka uliofuata njia hizo zikaonekana katika Google Maps.

Mfano wa pili uko nchini mwetu. Tangu mwaka 2015 mradi wa Crowd2Map umekuwa ukichora vijiji vya Tanzania katika OpenStreetMap, ramani huria ambayo mtu yeyote huweza kuisahihisha. Watu wa kujitolea walio mbali huchora nyumba na njia kwa kutazama picha za setilaiti, kisha wenyeji wenye simu huongeza majina: kijiji, duka, zahanati, kisima. Mkoani Mara ramani hiyo huwasaidia wanaharakati na polisi kuwafikia wasichana wanaokimbia ukeketaji na kuwapeleka katika nyumba salama. Picha ya setilaiti huonesha paa la nyumba; jina la kitongoji hutoka kinywani mwa mwenyeji.

Kazi hii si ngeni kwetu. Al-Idrisi, alipoandaa ramani yake ya dunia kwa Mfalme Roger wa Sisilia, iliyokamilika mwaka 1154, alitumia takriban miaka 15. Wasafiri waliitwa wakahojiwa. Walipoafikiana habari yao ilipokewa, walipotofautiana iliwekwa kando. Waliosoma elimu ya wapokezi watatabasamu hapa.

Mjaribu mzuri, basi, ni shahidi mzuri. Kuandika kwamba programu ni mbovu hakumsaidii fundi hata kidogo. Aeleze ni mahali gani, saa ngapi, ni kiangazi au masika, alikuwa katika pikipiki, gari dogo au lori, simu ilisema nini na njia ilikuwaje. Picha ikiwapo, iambatishwe. Naye anayeandika asiwe dereva: simu ishikwe na aliyeketi pembeni, na hili halina mjadala. Tena wajaribu wasiwe vijana wa kiume peke yao. Mkunga anayemsindikiza mzazi usiku kwenda hospitali anazijua njia zinazopitika saa nane za usiku kuliko sisi wenye daftari za kamati.

Familia nazo zina haki ya kuuliza. Toleo la majaribio mara nyingi hurekodi mwenendo wote wa gari na kuupeleka kwa watengenezaji, ukiwemo mlango wa nyumba yako na saa unayotoka. Soma masharti kabla ya kukubali, na safari ya majaribio ikiisha, zima.

Hapa Chimala vijana wachache wameanza. Wawili wamepanda Hamsini na Saba katika gari la viazi, mmoja akihesabu kona kwa sauti, mwenzake akiandika mahali nukta inaporuka na mahali mtandao unapokatika. Mwingine, binti aliyemaliza kidato cha nne, amekwenda kwenye tuta la mfereji akapiga picha, na taarifa yake imekwisha kupelekwa. Hadi tunapoandika, tuta lingali linaonekana kama barabara. Kamati imeomba ruhusa ya serikali ya kijiji kuweka pale kibao cha mbao, kisomeke kabla masika hayajaanza.