Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Namna ya Kupima Tovuti ya Mashabiki wa Katuni za Kijapani

Neno anime ni ufupisho waliouunda Wajapani kutokana na neno la kigeni lenye maana ya uchoraji wa picha zinazotembea, na nje ya Japani hutumika kutaja katuni zinazotengenezwa nchini humo, ambazo nyingi huanza kama hadithi za picha katika vitabu viitwavyo manga kabla ya kuingia katika televisheni. Tangu mwaka 1963, mfululizo wa Astro Boy wa mchoraji Osamu Tezuka ulipoanza kuonyeshwa katika televisheni ya Japani, sanaa hii imevuka bahari nyingi, kiasi kwamba leo kijana wa Masasi au Newala anaweza kumtajia mwenzake wa Nairobi au Muscat majina ya Naruto, Dragon Ball na One Piece, na wakaelewana bila kuhitaji maelezo zaidi.

Kwa kuwa hadithi hizo ni ndefu na wahusika wake ni wengi, mashabiki wamejijengea tovuti, yaani mikusanyiko ya kurasa za intaneti, ambamo huhifadhi orodha za vipindi, wasifu wa wahusika, habari za wachoraji na maoni ya watazamaji. Katika miaka ya 1990 nyingi kati ya hizo ziliwekwa katika GeoCities, huduma ya Marekani iliyoanza mwaka 1994 na kugawa kurasa zake katika mitaa ya kubuni, ukiwamo mtaa ulioitwa Tokyo uliokusanya mashabiki wa katuni hizi. Baadaye zilikuja tovuti kubwa zaidi, kama Anime News Network ya mwaka 1998 na MyAnimeList ya mwaka 2004. Nyingi zilianza kwa kazi ya kujitolea ya watu waliosukumwa na mapenzi yao, na mapenzi hayo ndiyo nguvu yake kubwa na pia chanzo cha kasoro zake, kwa sababu anayejenga kitu anachokipenda huona kila kona yake kuwa wazi, hata pale ambapo mgeni anapotea.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na maana ya msemo huo inaingia barabara katika kazi ya kupima tovuti. Mwenyeji haoni tena vumbi la nyumbani kwake. Mgeni ndiye anayeliona, naye akisikilizwa, nyumba hupona.

Usanifu na urahisi wa matumizi

Mambo mawili hupimwa kwa pamoja ingawa yanatofautiana. La kwanza ni usanifu, yaani mpangilio wa rangi, herufi, picha na nafasi katika ukurasa. La pili ni urahisi wa matumizi, ambao kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-11, kilichotolewa mwaka 1998 na kurekebishwa mwaka 2018, kinaueleza kwa nguzo tatu: mtumiaji kufikia lengo alilolijia, kulifikia bila kupoteza muda na nguvu nyingi, na kuridhika na njia aliyopitia. Tovuti inaweza kuwa na picha za kuvutia sana na bado ikaangushwa na nguzo ya kwanza, iwapo mgeni ataondoka bila kupata alichokitafuta.

Wakazi wa Uwanda wa Makonde, ulipo mji wa Newala, hawahitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa usanifu unaomwongoza mtazamaji. Kinyago cha mtindo wa ujamaa, ambacho ndani ya gogo moja la mpingo hubeba watu wengi waliopandana mabegani, kina sura nyingi kuliko ukurasa wowote wa intaneti, lakini jicho halichanganyikiwi, kwa sababu mchongaji ameacha matundu ya kupumulia na mistari inayopanda kutoka chini hadi juu. Sanaa hiyo ilithaminiwa hata na Wajapani wenyewe, kiasi kwamba katika mji wa Ise, mkoani Mie, kulianzishwa jumba la makumbusho la sanaa ya Wamakonde. Ukurasa wa mwanzo wa tovuti uliojazwa matangazo, picha zinazochezacheza na viungo vya rangi kumi ni kama gogo lililochongwa bila kuacha tundu: kazi imefanyika, lakini jicho halina pa kupita.

Anachokitafuta shabiki

Tathmini nzuri huanza kwa kuuliza mgeni amekuja kutafuta nini. Shabiki wa katuni za Kijapani ana mahitaji yake mahususi, na matatu kati yake hustahili kuangaliwa kwa karibu.

Hitaji la kwanza ni majina. Kazi moja huwa na jina la Kijapani na jina la Kiingereza. Filamu ya Hayao Miyazaki ya mwaka 2001, inayofahamika nje ya Japani kama Spirited Away, kwao huitwa Sen to Chihiro no Kamikakushi. Kisanduku cha kutafutia kinachotambua jina moja tu, au kinachokataa herufi moja ikikosewa, kinamfungia mlango mtu ambaye aliliokota jina hilo kwa kulisikia tu katika mazungumzo.

Hitaji la pili ni mpangilio wa vipindi. Mfululizo wa Naruto una vipindi 220, vilivyoonyeshwa kati ya mwaka 2002 na 2007, na mwendelezo wake, Naruto Shippuden, una vipindi 500 vilivyokamilika mwaka 2017. Jumla yake ni vipindi 720, ambavyo vikihesabiwa kwa takriban dakika 24 kila kimoja vinafika saa 288, sawa na siku 12 za usiku na mchana bila kulala. Ndani ya idadi hiyo vimo vipindi vingi vya kujazia, yaani vile visivyotoka katika kitabu cha mwandishi, ambavyo viliongezwa ili televisheni isiipite manga. Tovuti inayovitenganisha vipindi hivyo kwa alama iliyo wazi humsaidia mtazamaji kuamua atumie wapi muda wake na fedha zake, na tovuti isiyofanya hivyo imemnyima taarifa ambayo pengine ndiyo pekee aliyoijia.

Hitaji la tatu ni ulinzi wa siri ya hadithi. Shabiki aliyefika kipindi cha 50 akifungua wasifu wa mhusika ampendaye, kisha mstari wa kwanza ukamwambia kuwa mhusika huyo anakufa baadaye, ameharibiwa raha ambayo hairudishwi. Tovuti zinazowajali wageni huficha aya za namna hiyo nyuma ya kitufe ambacho msomaji hukibonyeza kwa hiari yake. Kosa hili halionekani kwa macho kama rangi mbaya inavyoonekana, na kwa hiyo mpimaji asiyewajua mashabiki anaweza kulipita bila kuligusa.

Jua, bando na kidole

Mahali alipo mtumiaji ni sehemu ya kipimo. Tovuti nyingi hubuniwa na watu wanaokaa mbele ya kompyuta yenye skrini pana na intaneti isiyokatika, ilhali mgeni wa Chilangala, wilayani Newala, huifungua kwa simu janja ndogo, kwa bando alilolinunua kwa kipimo, na huenda amesimama nje chini ya jua kali. Hali hiyo huzaa masharti matatu yanayoweza kupimwa kwa hesabu.

Sharti la kwanza ni uzito wa ukurasa. Ukurasa wenye megabaiti 5, ukipokelewa kwa kasi ndogo ya kilobiti 100 kwa sekunde, huchukua takriban sekunde 400, karibu dakika saba, wakati ukurasa wenye kilobaiti 300 hufunguka kwa sekunde 24. Mtaalamu Jakob Nielsen, katika kitabu chake cha mwaka 1993, alieleza kuwa sekunde 10 ndizo mpaka wa kuuweka umakini wa mtu katika jambo moja. Zikipita hizo, akili huhamia kwingine. Watu wa Uwanda wa Makonde, ambao kwa vizazi vingi waliteremka mabondeni kufuata maji na kuyapandisha kichwani, wanaelewa vizuri kwamba kitu kinachofuatwa mbali hakimwagwi ovyo. Picha kubwa isiyoongeza maana ni maji yaliyomwagwa njiani, na anayeyalipia ni mgeni.

Sharti la pili ni tofauti ya mwanga kati ya maandishi na rangi iliyo nyuma yake. Mwongozo wa kimataifa wa kuwafikia watumiaji wote, wakiwamo wenye uoni hafifu, unataka uwiano usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Tovuti za mashabiki hupenda herufi za zambarau juu ya weusi, au maandishi yaliyotandazwa juu ya picha ya mhusika. Mapambo hayo hupendeza chumbani usiku, lakini mchana juani hugeuka kioo kitupu.

Sharti la tatu ni kidole. Wataalamu hupendekeza kitufe kiwe na upana na urefu wa karibu sentimita moja, kwa maana viungo vilivyobanana humfanya mtu abonyeze asichokikusudia, na kila bonyezo la makosa hufungua ukurasa mwingine unaokula bando. Uovu mkubwa zaidi ni tangazo linalojitokeza ghafla na kufunika skrini huku alama yake ya kufungia ikiwa ndogo kama punje ya mtama. Mtego wa namna hiyo hauwezi kuitwa kasoro ya usanifu tu, kwa sababu unamkosea mgeni heshima.

Lugha ya mwongozo

Tovuti nyingi za mashabiki huandikwa kwa Kiingereza au Kijapani, na msomaji wa Kiswahili hulazimika kukisia maana ya menyu, yaani orodha ya njia za kuingilia sehemu mbalimbali. Haikubaliki kusema kuwa Kiswahili hakina maneno ya kazi hiyo. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, mkusanyiko wa programu za ofisi zenye amri za Kiswahili, na Wikipedia ya Kiswahili imekuwapo tangu mwaka 2003. Maneno kama tafuta, rudi, mwanzo, wahusika, vipindi na wachoraji yanatosha kubeba menyu nzima ya tovuti ya mashabiki, na hakuna hata moja linalohitaji kamusi.

Namna ya kufanya tathmini

Kuna njia mbili zinazokamilishana. Ya kwanza ni ukaguzi wa mtaalamu, ambapo mkaguzi hupitia tovuti akiilinganisha na kanuni zinazojulikana. Njia hiyo iliwekwa wazi mwaka 1990 na Jakob Nielsen na Rolf Molich, na kanuni kumi za Nielsen za mwaka 1994 zinatumika hadi leo. Miongoni mwake ni kumjulisha mtumiaji kinachoendelea, kutumia maneno anayoyafahamu, kumpa njia ya kurudi nyuma, na kumwepusha na makosa kabla hayajatokea.

Njia ya pili ni kumtazama mtumiaji akiwa kazini, na hii haihitaji maabara wala fedha nyingi. Huchaguliwa watu watano wasiowahi kuiona tovuti na kupewa kazi zinazofanana: kutafuta kipindi cha kwanza cha mfululizo fulani, kutambua vipindi vya kujazia, kumjua mchoraji wake, kisha kurudi ukurasa wa mwanzo. Kila mmoja hufanya kazi peke yake kwa simu anayoitumia siku zote, huku akisema kwa sauti anachokifikiri, na mpimaji huandika muda uliotumika, mahali alipokwama na bonyezo lililokosewa. Sharti gumu la kazi hii ni mpimaji kunyamaza, kwa kuwa akimwelekeza mshiriki hata kwa neno moja, amekipima kipaji chake cha kueleza na kuiacha tovuti bila kupimwa. Nielsen na Thomas Landauer walionyesha mwaka 1993 kuwa kwa wastani mtumiaji mmoja hufichua karibu asilimia 31 ya matatizo, na kwa hesabu hiyo watu watano hufikisha takriban asilimia 85.

Mwishoni washiriki hujaza hojaji fupi iliyobuniwa na John Brooke mwaka 1986, yenye sentensi kumi ambazo kila moja hupewa alama kuanzia 1 hadi 5. Katika sentensi za namba witiri alama hupunguzwa 1, na katika zile za namba shufwa alama hutolewa katika 5. Kisha jumla huzidishwa kwa 2.5 ili kupata matokeo kati ya 0 na 100. Wastani wa tovuti na programu nyingi zilizopimwa kwa hojaji hiyo ni 68, na tovuti iliyo chini ya hapo ina kazi ya kufanya.

Uaminifu na kudumu

Tathmini isiishie kwenye rangi na vitufe. Tovuti inayodai jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu kwa mtu anayetaka kusoma orodha ya vipindi tu inachukua zaidi ya inavyohitaji, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 Mtanzania ana msingi wa kisheria wa kuhoji jambo hilo. Vilevile tovuti inayojaza kazi za wachoraji bila idhini yao, na bila kuwataja, inakula jasho la walewale inaodai kuwapenda. Tena ipo hatari ya kupotea: GeoCities ilipofungwa mwaka 2009, kurasa nyingi za mashabiki zilizoandikwa kwa miaka mingi zilitoweka, isipokuwa zile zilizowahiwa na wahifadhi wa kujitolea. Kwa hiyo swali la nani anatunza nakala ya kazi hii nalo ni swali la ubora.

Vijana wa Masasi na Newala wanaozipenda katuni hizi hawana sababu ya kubaki wageni wa tovuti za wengine milele. Wanaweza kujenga yao kwa Kiswahili, iwe ya anime au ya sanaa ya kwao wenyewe, ya vinyago na ya mapiko, yaani barakoa za ngoma za Wamakonde, na kipimo kitakuwa kilekile. Kabla ya kuongeza picha nyingine, mjenzi na awaalike watu watano, awape simu, anyamaze na kutazama. Watakapokwama ndipo pa kutengeneza, na wakipita bila kuuliza, nyumba imepona.