Akiba ya mafuta ya Marekani

Akiba ya mafuta ya Marekani ni mafuta ghafi pamoja na mafuta yaliyosafishwa (petroli, dizeli, mafuta ya ndege na mengineyo) yaliyohifadhiwa nchini humo kabla ya kutumika. Kiwango chake hupanda pale mafuta yanayopatikana yanapozidi yanayotumika, na hushuka pale matumizi yanapozidi. Kwa hiyo akiba ni kipimo cha uwiano kati ya ugavi na mahitaji, na mabadiliko yake hufuatiliwa na wafanyabiashara wa mafuta duniani kote.

Akiba hiyo ni ya aina mbili. Ya kwanza ni akiba ya biashara, inayomilikiwa na makampuni na kuwekwa katika matangi, mabomba na viwanda vya kusafisha mafuta. Ya pili ni Akiba ya Kimkakati ya serikali, iliyotengwa kwa ajili ya dharura.

Hesabu ya kila wiki

Idara ya Taarifa za Nishati ya Marekani (EIA) hutoa taarifa ya akiba kila wiki, kwa kawaida siku ya Jumatano. Taarifa hiyo huhusu wiki iliyoishia Ijumaa iliyotangulia. Kipimo kinachotumika ni pipa, ambalo ni sawa na lita 159 hivi.

Msingi wa hesabu ni rahisi. Mafuta ghafi yanayochimbwa nchini hujumlishwa na yale yanayoagizwa kutoka nje, kisha hutolewa yale yanayouzwa nje na yale yanayoingia viwandani kusafishwa. Tuseme kwa siku nchi inachimba mapipa milioni 13, inaagiza milioni 6, inauza nje milioni 4 na viwanda vinasafisha milioni 16. Hapo pengo ni mapipa milioni 1 kwa siku, na ni lazima lizibwe na akiba. Baada ya wiki moja akiba itakuwa imepungua kwa mapipa milioni 7.

Si kila badiliko ni dalili ya uhaba au ziada. Majira ya joto watu husafiri sana kwa magari na petroli nyingi hutumika. Majira ya baridi mahitaji ya mafuta ya kupasha nyumba joto huongezeka, hasa kaskazini-mashariki mwa nchi. Katika majira ya kuchipua na ya vuli viwanda vingi hupunguza kazi ili kufanyiwa matengenezo, hivyo mafuta ghafi hurundikana. Ndiyo maana kiwango cha wiki moja hulinganishwa na kile cha kipindi hichohicho cha miaka iliyopita.

Akiba ya Kimkakati

Mwezi Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zinazouza mafuta ziliinyima Marekani mafuta kwa sababu iliiunga mkono Israeli vitani. Bei ya mafuta ghafi duniani ilipanda karibu mara nne, na foleni ndefu za magari zilionekana kwenye vituo vya mafuta. Kutokana na msukosuko huo, rais Gerald Ford alitia saini sheria ya kuanzisha Akiba ya Kimkakati tarehe 22 Desemba 1975. Mafuta ya kwanza yaliingizwa mwaka 1977.

Mafuta hayo huwekwa katika mapango yaliyochongwa ndani ya miamba ya chumvi chini ya ardhi, kwenye vituo vinne katika majimbo ya Texas na Louisiana. Yakihitajika, maji husukumwa hadi chini ya pango. Kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji, huelea na kusukumwa juu hadi kwenye bomba.

Serikali ilitoa sehemu ya akiba hiyo wakati wa Vita vya Ghuba mwaka 1991, baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005 na wakati wa vita vya Libya mwaka 2011. Kiasi kikubwa zaidi kilitangazwa mwaka 2022, baada ya Urusi kuvamia Ukraine: mapipa milioni 180 kwa muda wa miezi sita. Akiba hiyo, ambayo mwaka 2009 ilifikia mapipa milioni 726 hivi, ilishuka chini ya milioni 350 mwaka 2023.

Maghala yanapojaa

Akiba kubwa mno nayo huleta matatizo. Mwaka 2020 janga la UVIKO-19 lilisimamisha safari na mahitaji yakaanguka ghafla, huku visima vikiendelea kutoa mafuta. Katika mji wa Cushing, Oklahoma, ambako mafuta ya mikataba ya soko la New York hukabidhiwa, karibu matangi yote yalikuwa yamejaa au yamekodiwa. Tarehe 20 Aprili 2020 bei ya mkataba wa mwezi Mei ilifunga kwenye dola -37.63 kwa pipa. Waliokuwa na mikataba walilipa ili waondokane na mafuta wasiyokuwa na mahali pa kuyaweka.

Athari kwa Afrika Mashariki

Kenya na Tanzania huagiza mafuta yaliyosafishwa kutoka nje. Mamlaka zao za udhibiti, EPRA na EWURA, hutangaza bei kikomo kila mwezi kwa kuzingatia bei ya soko la dunia, gharama za usafirishaji, thamani ya dola na kodi. Hivyo badiliko la akiba ya Marekani likigusa bei ya dunia, huweza kumfikia mwendesha bodaboda wiki kadhaa baadaye, ingawa si sababu pekee ya bei kupanda au kushuka.