Maabara na darasa mjini Ifakara
Ifakara, mji wa bonde la Kilombero, una taasisi mbili zenye misingi tofauti. Taasisi ya Afya Ifakara ilianza mwaka 1957 kama maabara ndogo ya Waswisi kutoka Basel, na mwaka 1996 ikawa shirika la Kitanzania. Nguvu yake ni utafiti wa malaria. Utafiti wake wa vyandarua vyenye dawa, uliofanywa Kilombero na Ulanga miaka ya 1990, ulisaidia kuonyesha kuwa vinaokoa maisha ya watoto wadogo, na matunda yake yamefika mbali kuliko bonde lenyewe. Leo mbu hufugwa na kuchunguzwa katika mabanda makubwa ya wavu. Fedha nyingi ni ruzuku za wafadhili wa nje, hivyo mradi ukiisha, ajira nazo hutikisika.

Chuo Kikuu Kishiriki cha Mtakatifu Fransisko, cha Kanisa Katoliki, kilianza mwaka 2010 kufundisha madaktari kando ya hospitali yenye jina hilohilo. Chenyewe hutegemea sana ada na mikopo ya wanafunzi, kwa hiyo ukuaji wake hufuata idadi yao.