Ardhi, Dhahabu na Mkopo: Maswali ya Mnunuzi Mpya wa Ploti Macalder

Neno 'ploti' limekita mizizi katika mazungumzo ya vijana walioajiriwa karibuni. Mtu hununua kipande cha ardhi, hujenga vyumba vya mabati, kisha hungoja kodi. Makala haya yanaichunguza hatua hiyo Macalder, eneo la Nyatike katika Kaunti ya Migori, ambako ardhi imefunika dhahabu. Mgodi mkubwa wa enzi ya ukoloni ulifungwa katika miaka ya 1960, lakini wachimbaji wadogo wangali wanashuka mashimoni, na hao ndio wapangaji anaowatarajia mwekezaji.

Yafaa dhana moja potovu iondolewe mapema. Anayenunua shamba Macalder hanunui dhahabu. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinayaweka madini katika fungu la ardhi ya umma, na Sheria ya Madini ya 2016 inamtaka hata mchimbaji mdogo awe na kibali. Kwa hiyo bei iliyopandishwa kwa kuwa 'hapa kuna mawe' ni bei ya kitu ambacho muuzaji hana mamlaka ya kukiuza.

Swali gumu zaidi ni nani anayeuza. Aghalabu hati ingali na jina la babu aliyefariki zamani, na wanawe hawajaenda mahakamani kuomba usimamizi wa mirathi. Huenda wana hao ni waungwana kabisa, na mipaka wanaijua kwa nyayo zao. Hata hivyo, Sheria ya Urithi hairuhusu ardhi ya marehemu iuzwe kabla mahakama haijauthibitisha usimamizi huo. Aliyelipa kwa karatasi iliyotiwa sahihi mbele ya wazee amenunua ahadi. Ndiyo maana upekuzi katika sajili ya ardhi hutangulia malipo, sio kuyafuata. Ikiwa shamba ni la kilimo, idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi huhitajika pia, na maombi yake hupelekwa katika muda wa miezi 6 tangu makubaliano.

Hapo ndipo suala la fedha huingia. Benki hukopesha kwa rehani, na rehani haiwezi kuwekwa juu ya hati yenye jina la marehemu. (Inastaajabisha kidogo kwamba neno hili kongwe, lililotujia kutoka Kiarabu, linafahamika vyema sokoni ilhali mikataba yenyewe huandikwa kwa Kiingereza.) Kwa sababu hiyo mwalimu au muuguzi kijana hukimbilia Sacco, ambako dhamana ni akiba yake na sahihi za wenzake.

Tuchukue mfano wa kukisia. Mwalimu ana akiba ya shilingi 200,000, na Sacco yake humkopesha mara tatu ya akiba hiyo. Anachukua 600,000 kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio, alipe kwa miezi 36. Kila mwezi atakatwa takriban 19,900. Vyumba vinane vya shilingi 2,500 vikijaa huleta 20,000, na hesabu hii ndiyo inayowalaghai wengi. Wachimbaji huhama. Shimo likijaa maji au habari za mshipa mpya zikivuma kwingine, vyumba vitatu hubaki vitupu kwa juma moja tu la uvumi. Kodi hushuka hadi 12,500, nayo Sacco hukata kiasi kilekile kwenye mshahara. Mshahara ukikatika, zamu ni ya wadhamini, ambao akiba yao hutumika kulipia vyumba wasivyowahi kuviona.

Akirefusha muda hadi miezi 48, makato hushuka hadi karibu 15,800. Riba huongezeka kwa takriban shilingi 41,000, lakini vyumba saba vikiwa na wapangaji, mshahara wake hauguswi.