Chuma, Makaa na Kutu

Katika miaka ya 1970, wazee kadhaa wa Buhaya, katika mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi na ambao leo ni Kagera, waliombwa waonyeshe kazi waliyokuwa wameiacha tangu ujana wao: kupata chuma kutokana na mawe. Walichimba shimo, wakalijaza matete ya kinamasi yaliyochomwa yakawa makaa, wakajenga juu yake tanuri la udongo, wakapenyeza mirija ya udongo na kuvukuta. Taarifa ya kazi hiyo, iliyoandikwa na Donald Avery na mwanaakiolojia Peter Schmidt, ilichapishwa mwaka 1978 katika jarida la Science la Marekani. Wataalamu wamebishana sana juu ya kiasi cha joto la tanuri lile. Juu ya kemia yake ya msingi hakuna ubishi, nayo ndiyo ile inayowasumbua wanafunzi wa sekondari.

Mawe ya chuma ni oksidi: atomi mbili za chuma zimeshikamana na atomi tatu za oksijeni. Moto peke yake hauzitenganishi. Jiwe hilo likichomwa mahali peupe hutoka likiwa jiwe la moto tu. Hapana budi pawepo kitu cha kuipokea oksijeni. Makaa yakiungua mahali penye hewa haba hutoa gesi ya kaboni monoksidi, na gesi hiyo ndiyo inayoinyang'anya oksidi oksijeni yake:

Fe₂O₃ + 3CO → 2Fe + 3CO₂

Watu husema "kuyeyusha chuma", lakini usemi huo si sahihi sana. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za sentigredi, na matanuri ya jadi kwa kawaida hayakulazimika kufika huko. Kilichoyeyuka na kuchuruzika ni mavi ya chuma. Chuma chenyewe kilibaki bonge lenye matundu, likafuliwa kwa nyundo.

Gramu 160 za oksidi safi hutoa gramu 112 za chuma. Uzito umepungua, na kwa sababu hiyo ni rahisi kukumbuka kwa nini tendo hili huitwa upunguzaji. Neno la Kilatini ambalo asili yake ni hapo, hata hivyo, lina maana ya kurudisha: metali inarudishwa katika hali yake. Tendo la kinyume, uoksidishaji, lilieleweka tangu Lavoisier wa Ufaransa alipoonyesha, katika miaka ya 1770, kwamba metali ikichomwa hushika sehemu ya hewa na kuwa nzito zaidi.

Maelezo hayo ni mazuri, ila ni finyu. Mwalimu na atumbukize msumari safi katika maji ya mrututu. Baada ya muda msumari utavikwa shaba nyekundu, na rangi ya buluu itaanza kufifia. Hakuna oksijeni iliyotoka mahali pamoja kwenda pengine. Kilichohama ni elektroni: kila atomi ya chuma iliyoingia majini imetoa elektroni mbili, na ayoni ya shaba imezipokea. Anayetoa elektroni ameoksidishwa; anayezipokea amepunguzwa. Hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa kuwa aliyepunguzwa ameongezewa kitu. Lakini elektroni ina chaji hasi, na kwa kuipokea, chaji chanya ya ayoni hupungua.

Hesabu hiyo hiyo inalifaa tanuri. Ndani ya oksidi, kila atomi ya chuma huhesabiwa kuwa imepoteza elektroni 3. Atomi mbili hurudishiwa 6. Kila kaboni kati ya zile tatu hupoteza 2, jumla 6. Hakuna uoksidishaji usio na upunguzaji kando yake, kama vile hakuna muuzaji pasipo mnunuzi.

Chuma kilichopatikana kwa jasho hilo hakikai. Mbele ya maji na hewa hutoa elektroni zake tena, oksijeni ikazipokea, na kutu ikatokea. Pwani mambo huwa mabaya zaidi, maana chumvi iliyo majini huzipitisha chaji kwa urahisi. Mabati ya kuezekea hupakwa zinki kwa sababu hiyo. Zinki haizuii maji tu. Hata bati likikwaruzwa, zinki iliyo kando ya mkwaruzo hutoa elektroni zake kwanza, na chuma husalimika.

Jambo hili laweza kujaribiwa darasani kwa gharama ndogo. Misumari mitatu iwekwe katika vyombo vitatu vya maji ya chumvi: mmoja peke yake, wa pili umeviringishiwa waya wa shaba, wa tatu umefungwa kipande cha zinki. Baada ya siku chache wa pili utakuwa umeliwa kuliko wa kwanza. Wa tatu utabaki mzima, mpaka zinki itakapokwisha.